Mahindi ya Chumbani

Miasenyi,
4 Machi 2024

Kwa Ndanu, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu, na kwa sababu hiyo mama yangu pia, ndiyo maana nakuita Mwaitu: pokea salamu zetu. Sisi huku tu wazima. Mama yako amelalamikia goti mara moja tu wiki hii, na hiyo katika nyumba yetu ni habari njema. Nyinyi huko Mboghoni mna hali gani? Mumeo Festus amepona kile kikohozi? Maji ya mfereji bado yanafika shambani kwenu?

Najua watu wa leo huandikiana kwa simu maneno mawili na kuongeza kikatuni kinachocheka. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, na bado naamini kwamba jambo zito linahitaji karatasi. Ndiyo maana namkabidhi Sylus barua hii anaporudi Taveta na lori lake tupu. Isome mezani, mbele ya mumeo na watoto, kama tulivyofanya sisi ulipokuwa mdogo.

Jambo lenyewe ni hili. Jana, katika ibada ya shukrani ya mavuno, nilisimama mbele ya kanisa. Unakumbuka mwaka wa ukame, mimi na mama yako tulivyosimama juani kungojea kupimiwa mahindi ya msaada, na kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma akaniambia, "Mwalimu, rudi kwenye laini"? Sikuwahi kulitaja hadharani. Jana nililitaja. Kisha nikaahidi kwamba tangu siku hiyo hadi shukrani ya mwaka ujao, nyumba ya Musyimi haitakula kitu ambacho mikono ya nyumba hiyo haikukipanda wala kukifuga. Nilisema udongo huu, ukiheshimiwa, hulisha.

Ndipo mama yako, kutoka benchi la akina mama, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Na chumvi, mwalimu, utaipanda upande gani wa shamba?"

Walicheka hadi mchungaji akafunga Biblia. Basi nikaiondoa chumvi. Chumvi peke yake.

Kwa hiyo usihuzunike ukiona mkungu wa ndizi uliotutumia unarudi kwako. Si dharau. Ni neno nililolitoa.

Baba yako,
Musyimi


Mboghoni,
19 Machi 2024

Shikamoo Baba, na umpe Mama salamu zangu kabla hujaendelea kusoma. Festus hakohoi tena, watoto wako shuleni, na mfereji unaleta maji siku ambazo watu wa juu wametosheka.

Barua tuliisoma mezani kama ulivyoagiza. Festus alisimama wima nilipoanza. Alidhani ni ibada. Mkungu ulifika ukiwa umeiva, na umepungua. Nilipomuuliza Sylus, alisema, "Ahadi ni ya mwalimu. Mimi sikuahidi kitu."

Baba, mimi ni mtoto wako na sina haki ya kukusahihisha mbele ya watu, lakini hapa kwenye karatasi tuko wawili tu. Ninakuelewa. Nilikuwa nawe siku uliporudi na lile debe la msaada, na niliona ulivyoliweka chini. Lakini nimejiuliza swali moja tangu barua yako ije. Uliahidi kwa niaba ya vinywa viwili, na nimesikia kinywa kimoja tu kikizungumza. Kile kingine kiliuliza habari ya chumvi. Kuuliza chumvi si kukubali. Ndiyo namna ya Mama ya kusema jambo analoliogopa.

Sitawatumia ndizi tena. Ila kwa kuwa mimi ni mama yako wa jina, naamuru: siku mtakapopungukiwa, semeni.

Binti yako,
Ndanu


Miasenyi,
21 Julai 2024

Mwaitu, salamu kutoka kwa wazazi wako ambao wangali wanasimama, ingawa mmoja wao anasimama akiegemea jembe. Hatujambo. Tunawauliza hali.

Nimekawia kuandika kwa sababu wiki hizi zimekuwa za vita. Ndovu wamevuka kutoka upande wa ranchi. Kwa jirani yetu Alice walibomoa ukuta wa jikoni wakifuata debe la unga, yeye na watoto wakiwa chumba cha pili wamenyamaza kama maiti. Huku kwetu walikanyaga ndengu na kunde zote. Tulipiga madebe hadi mikono ikafa ganzi. Mahindi waliyaacha. Sote tunajua wataalamu hawa wakiacha kitu, wamekipangia siku.

Basi nikaamua tuvune yote mara moja. Nakiri punje zilikuwa bado; ukiiuma, jino linaacha alama na punje haipasuki. Afisa wa kilimo alisema tuyaanike kwenye turubai hadi yalie mkononi. Lakini Julai hii ni mawingu matupu, na mahindi yaliyoanikwa uani ni mwaliko. Ndovu husikia harufu ya nafaka kutoka mbali kuliko sisi tunavyosikia kengele ya kanisa. Nikatafuta yale magunia mapya yenye mfuko wa plastiki ndani, yasiyopitisha hewa wala harufu. Tumepukuchua, tumejaza, tumefunga kwa kamba, na magunia yote yako chumbani mwetu, yamezunguka kitanda.

Mama yako anasema tunalala kama panya matajiri.

Tangu hapo hakuna ndovu aliyesogea karibu na nyumba. Kanisani wananiuliza siri. Nawaambia siri ni kufikiri.

Baba yako,
Musyimi


Mboghoni,
6 Agosti 2024

Shikamoo Baba. Hapa tu salama, na nimefurahi kusikia nyumba imesimama. Umpe Alice pole zangu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara ninasimama mahali pamoja, pale ulipofunga magunia. Sisi tunaolima kwa maji ya mfereji hatumjui ndovu kama nyinyi, lakini unyevu tunaujua. Mahindi mabichi yakifungwa mahali pasipo hewa hutoa jasho. Yafungue, Baba. Yatandaze hata sakafuni, mlale sebuleni. Afadhali harufu itoke, tutafute njia nyingine ya kuwazuia ndovu.

Sylus analeta gunia moja la mahindi makavu kutoka shamba letu. Kabla hujalirudisha, nisikilize. Ulisema kitu kilichopandwa na mikono ya nyumba yako. Mikono hii uliifundisha wewe kushika jembe. Mimi ni mkono wa nyumba yako, umerefuka tu hadi Mboghoni.

Binti yako,
Ndanu


Miasenyi,
15 Septemba 2024

Mwaitu, amani ya nyumba hii iwafikie. Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa kidogo, Alice ndiye shahidi. Mama yako hajambo, ila kazi imemkausha. Watoto wanaendeleaje?

Hoja yako kuhusu mkono uliorefuka ni nzuri, na ningekuwa bado darasani ningekupa alama zote. Lakini binti aliyeolewa, mkono wake umehamia nyumba nyingine. Hivyo ndivyo desturi yetu inavyosema, na sikutaka watu waseme mwalimu amepata mlango wa nyuma. Gunia nimempa Alice, aliyepoteza chakula chake. Amekuombea baraka.

Magunia yetu tuliyafungua. Ulisema kweli: ndani palikuwa na joto, na punje nyingine zimefanya ukungu wa kijani wenye harufu ya nguo iliyokaa mbichi. Si zote. Mama yako kila asubuhi huketi mlangoni na ungo wake, akichagua punje baada ya punje. Safi huku, mbovu kule. Safi anazitwanga kinuni kuondoa maganda na kunipikia muthokoi mweupe kama ulivyokuwa ukiupenda. Mbovu ni za kuku.

Au zilikuwa za kuku. Jumamosi iliyopita tulitembelewa na wageni kutoka makanisa ya Voi na Chawia, waliokuja kuona shamba na kusikia habari za ahadi. Singeweza kununua nyama, na singeweza kuwapa wageni muthokoi mtupu. Mama yako akachinja kuku wote, hata jogoo. Mzee mmoja wa Chawia alifuta midomo akasema, "Mwalimu, huu ndio uhuru wenyewe." Nimeyaweka maneno hayo moyoni.

Mama yako siku hizi hataki muthokoi. Anasema meno yamechoka, anakunywa uji tu. Uzee una mapendeleo yake.

Baba yako,
Musyimi


Mboghoni,
27 Oktoba 2024

Shikamoo Baba. Sisi wazima. Barua hii ni fupi kwa sababu Sylus anangurumisha lori nje.

Jana nilizungumza na Mama kwa simu ya Alice. Nilimuuliza hali, akasema amechoka. Baba, fikiri vizuri: katika maisha yangu yote, umewahi kumsikia Mama akisema amechoka? Alisema chakula hakikai tumboni. Kisha akaniuliza kama ndizi zimezaa. Alitaka nimweleze zilivyo, mkungu kwa mkungu, na mimi kama mjinga nikamweleza.

Namwomba aje kwangu akae hata wiki chache. Ahadi uliitoa wewe, ibaki nawe. Mpe ruhusa tu. Unajua hataiomba.

Binti yako,
Ndanu


Voi,
1 Desemba 2024

Mwaitu, nakusalimu nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali hapa Voi. Afya yangu ni njema. Ya mama yako ndiyo inayoniandikisha.

Nilimpa ruhusa ya kuja kwako. Mungu ni shahidi. Alinijibu, "Nikienda, nani atakuchagulia mahindi?" Nikaona ni mapenzi, nikaliacha jambo hapo.

Wiki iliyopita macho yake yaligeuka manjano na tumbo likajaa. Tulidhani ni malaria, maana mvua zimeanza. Sasa amelazwa. Daktari anauliza mengi kuhusu ini, anauliza kama huwa anakunywa pombe, na mama yako, pamoja na maumivu yake, alicheka. "Muulize mwalimu," alisema, "kama amewahi kuniachia hata tone la divai ya meza ya Bwana."

Nampikia mwenyewe. Kila asubuhi nachukua unga kwenye debe lake dogo, nakoroga uji, nautia kwenye chupa ya chai, na kupanda gari hadi hapa. Jana wauguzi walimletea wali na maharagwe. Aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kidogo tu. Akairudisha sahani, akanyoosha mkono kuchukua uji wangu.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba mama yako ni mwanamke wa neno lake. Shukrani ya mavuno si mbali. Atakuwa amesimama kando yangu.

Baba yako,
Musyimi


Mboghoni,
12 Januari 2025

Baba, nakusalimu.

Sikuweza kuzungumza nawe kwenye mazishi ya Mama. Watu walikuwa wengi, na kila aliyekushika mkono alikuwa akisifu uvumilivu wa nyumba yako. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye benchi lake. Sasa naandika, kwa kuwa ulinifundisha kwamba jambo zito linahitaji karatasi.

Daktari alinieleza ulipokwenda kuleta jeneza. Ni sumu ya ukungu wa nafaka. Wao huiita sumukuvu. Inakula ini. Moto hauiui, maji hayaiondoi. Aliniuliza swali moja: walikuwa wakila chungu kimoja, imekuwaje mzee ni mzima?

Jibu nililipata kaburini, kwa Lewis wa kinu cha kusaga unga. Alikuwa analia kama mtoto. Aliniambia kwamba tangu Septemba Mama alikuwa akimpelekea debe dogo la mahindi yenye harufu, peke yake, saa ambazo foleni haipo. Siku moja Lewis akamtania, "Mama Ndanu, kuku wako siku hizi wanakunywa uji?" Mama akacheka. Akamwambia, "Amebaki kuku mmoja tu, tena ni mzee. Nikitupa hizi, nyingine hazitafika Machi."

Lewis alidhani ni mzaha. Akasaga.

Baba, wewe ndiye uliyeniandikia kwamba mbovu ni za kuku. Wewe ndiye uliyeniandikia, katika barua hiyohiyo, kwamba kuku wote wamechinjwa. Barua ninayo. Niliisoma mezani kwa sauti, mbele ya mume wangu na watoto wangu, na hata mimi sikuuliza. Nimeibeba sehemu yangu. Chukua yako.

Wajukuu zako hawataisoma hii, wala sitapokea barua nyingine kwa sasa.

Ndanu


Miasenyi,
2 Machi 2025

Mwaitu,

Nakusalimu, na sitarajii salamu. Kama mko wazima, Mungu ashukuriwe. Mimi ni mzima. Hilo ndilo neno gumu kuliko yote ninayoweza kukuandikia, na tangu Januari naliandika bila kujibiwa, nalo liko palepale. Hii usiisome mezani.

Wiki iliyofuata barua yako nilimwita afisa wa kilimo. Tulitoa magunia chumbani, tukachimba shimo upande wa reli, tukayafukia pamoja na debe lake dogo. Afisa aliniuliza kama punje nilizokula mimi zilikuwa nyeupe. Nikamwambia zilikuwa nyeupe kama meno. Niliuona ule ungo kila asubuhi, Ndanu. Niliyaona marundo mawili. Moja nililila. La pili sikuliuliza.

Na uji wa hospitali niliukoroga kwa mkono wangu.

Leo ilikuwa shukrani ya mavuno. Mchungaji alikuja jana kuniomba nitoe ushuhuda; akasema ahadi imetimia, na kwamba watu wangependa kusimama kwa heshima ya mama yako, Kavinya. Nilikubali. Walisimama kweli. Walipiga makofi kabla sijafungua kinywa, na yule kijana aliyenirudisha kwenye laini alikuwa mstari wa mbele akipiga kuliko wengine.

Nilingoja wakae. Nikasema, "Wapendwa, mwaka jana niliwaambia kwamba udongo huu, ukiheshimiwa, hulisha. Ulinilisha mimi. Mke wangu alilishwa na ahadi yangu. Mnaponiona nimesimama hapa nina afya, msiseme ni shamba. Mnamwona yeye. Nilikataa kupimiwa chakula na serikali, nikakubali kupimiwa na mgonjwa. Mahindi mabichi msiyafunge. Na mkitoa ahadi nyumbani, mwulizeni anayepika."

Nilitaka kuendelea, nilikuwa nimeandaa mengi, lakini nililitazama benchi la akina mama, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza habari ya chumvi.

Nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Alice alinishika mkono hadi nyumbani, akanipikia ugali wa unga wa dukani. Niliula wote. Ulikuwa mtamu, na nikachukia kwamba ulikuwa mtamu.

Shamba sijalilima. Mvua ikija itakuta magugu. Ungo wake umetundikwa kwenye msumari mlangoni. Napita chini yake nikiingia na nikitoka.

Sikuombi unisamehe, sijui hata ningeliweka wapi jambo kubwa hivyo. Naomba kitu kidogo. Sylus akipita, mpe mkungu mmoja. Sijui kuzipika ndizi. Nataka tu kula kitu kilichotoka kwenye ule mkono nilioukataa.

Hata usipoandika.

Baba yako,
Musyimi


Mboghoni,
9 Machi 2025

Baba,

Hizi ni za kupika, si za kuiva. Zina utomvu; paka mafuta mikononi kwanza, kisha zimenye kwa kisu. Zikate, zichemshe na chumvi mpaka uma uingie bila kusukumwa. Nyanya na kitunguu nimeweka ndani ya gunia. Usimwachie Alice kazi yote.

Kula zilizo nzuri. Zitakazoharibika, zitupe. Usimpe mtu, usimwekee kuku, usiseme ni hasara. Zitupe.

Mwaitu